Mahari ya Senti Kumi

Mjomba Khaled alirudi akicheka, na kicheko hicho ndicho kilichomtia Yahaya hofu. Mshenga aliyekwenda kuposa harudi akicheka. Hurudi amekunja uso, akataka maji ya kunywa kwanza, halafu akaanza kutaja matakwa ya wakwe moja moja huku anapumua. Huyu aliingia garajini kwa Yahaya, akaketi juu ya tairi, akajipangusa machozi kwa kofia yake.

"Senti kumi," alisema. "Wallahi, Yahaya. Binti wa watu anataka mahari ya senti kumi."

Bi Fatouma, mama yake Yahaya, alikuwa amekuja na chai ili asikie jibu kabla ya majirani. Akapiga kigelegele, kisha akakikata katikati. "Senti kumi za nini? Wanatucheka?"

"Sarafu, dada yangu. Sarafu moja ya Waingereza, ya upande wa Kigoma, yenye tundu katikati. Ya mwaka hamsini na sita. Na Yahaya aitafute mwenyewe, kwa mikono yake, humu humu Bujumbura. Kununua kwa intaneti, apana. Kutuma mutu Dar, apana. Na baba yake, Mzee Ilias, ameongeza neno lake: iwe kabla ya Ramadhani. Ramadhani ikiingia bila sarafu, kila mutu ashike njia yake."

"Basi ni rahisi!" alisema Bi Fatouma.

Yahaya alikuwa anamjua Lubna. Alijua kwamba kama ingekuwa rahisi, asingeitaka.

Ngoja niwaeleze, msije mkadhani binti wa watu ana wazimu. Babu yake Lubna alikuwa mfanyabiashara wa dagaa na chumvi, akivuka kutoka Kigoma enzi zile ambapo kule alitawala Mwingereza na huku Mbelgiji. Alipohamia mtaa huu wa Buyenzi moja kwa moja alikuja na kopo la sarafu ambazo huku hazikununua hata ndizi mbivu. Kopo likakaa chini ya meza ya duka la vitambaa la familia, mpaka Lubna, akiwa bado msichana wa shule, alipolifungua. Hajalifunga tangu siku hiyo. Alipata albamu yenye vidirisha vya plastiki, akazipanga senti kumi kwa miaka yake, mfalme hadi malkia, kila moja na zile pembe mbili za ndovu zinazolizunguka tundu. Zilizokosekana alizitafuta kwa vibibi wa mtaani, mpaka kikabaki kidirisha kimoja tu kitupu. Hamsini na sita.

Yahaya aliiona albamu hiyo siku alipokwenda kumnunulia mama yake kitambaa. Lubna alimfungulia, akaanza kueleza, akaongea kwa kasi, macho yanamwaka, mikono haitulii. "Ukiishika, shika kwa ukingo," alimwambia, na mengine mengi ambayo Yahaya hakuyasikia kwa sababu alikuwa anatazama midomo badala ya kusikiliza. Akatoka dukani bila kitambaa. Kesho yake akarudi kununua kitambaa, akakisahau tena. Siku ya tatu Mzee Ilias alimuuliza kama mama yake anatembea uchi. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki.

Sasa msako ukaanza. Yahaya aliuliza msikitini. Aliuliza soko la Kamenge, akaletewa ya mfalme, ya hamsini na mbili, Lubna anayo. Alikwenda Ngagara kwa mstaafu mmoja aliyesifiwa kuwa anakusanya vitu vya zamani, akapewa juisi na akaelezwa habari za stempu mpaka adhuhuri ikampita. Buyenzi nzima ilikwishapata habari, maana pale habari haigongi mlango, inaingia tu. Wateja walifika garajini na kumwita Bwana Senti Kumi. Yeye alicheka nao, lakini usingizi ulianza kumkimbia. Shaaban, mwezi wa kuelekea Ramadhani, ilikuwa inakatika, na kila akipita mbele ya duka la vitambaa Lubna alimwinulia nyusi kumuuliza, naye alitikisa kichwa kama mtoto aliyefeli mtihani.

Siku moja alikuwa amelala chini ya pikapu, mkono mmoja umeshika nati na wa pili unapapasa sakafuni kutafuta rondele, kile kiduara cha chuma kinachokaa chini ya nati ili isilegee. Hakuipata. Akakumbuka maneno ya marehemu fundi aliyemfunza kazi: zamani rondele zilikuwa hazionekani, mafundi wakaweka chochote chenye tundu.

Chochote chenye tundu!

Aliinuka kwa nguvu, akagonga paji la uso kwenye giaboksi, akatoka nje anavuja damu na anacheka. Pesa isiyonunua kitu, yenye tundu tayari, bure kabisa! Mafundi wa Buyenzi wangeiacha? Thubutu! Walizifunga zote kwenye mashine!

Tangu saa hiyo hakuna nati iliyopata amani. Alianza na cherehani ya mama yake. Kikafuata kitanda cha mama yake, na Bi Fatouma akabaki amesimama na mto mkononi huku mwanawe yuko mvunguni na spana. "Mtaka cha mvunguni huinama, mama," alisema kutoka huko chini. "Huinama kwake, si kwangu!" alijibu mama. Akafungua baiskeli za jirani, geti la jirani, na jiwe la mnoa visu, ambalo pedali yake ilimpa sarafu ya kwanza: arobaini na mbili. Ilikuwa siyo, lakini alipiga kelele mtaa mzima ukatoka. Njia ilikuwa ya kweli! Majirani wakaanza kuingiza baiskeli zao ndani wakimwona anakuja.

Na sarafu yenyewe, mjue, hakuipata akiitafuta. Aliitwa huko Buterere, pembezoni mwa mji, kwa Mzee Astère mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Mkanda ulikuwa umekatika, mavuno yameingia, magunia yamepangwa hadi barabarani, na wenye magunia wana hasira. Yahaya alibadilisha mkanda, akawasha, mashine ikatetemeka. Akapiga magoti kukaza mguu mmoja mpana ulioibeba mashine. Chini ya nati ya kushoto akaona rondele pana kupita kiasi, nyeusi kwa grisi ya miaka.

Akatema mate kwenye kidole gumba. Akasugua kidogo. Ikatokea pembe ya ndovu.

Yowe alilotoa lilimfanya Mzee Astère aruke na kuzima mashine. "Kidole? Kimekatika kidole?"

"Apana, mzee! Mke! Ni mke wangu!" Spana iliteleza mara mbili. Akaitoa, akaiinua juu, akasoma kupitia grisi: moja, tisa, tano, halafu namba ya duara. "Sita! Ni sita! Hamsini na sita!" Akamkumbatia Mzee Astère na kumbusu kwenye paji la uso, mzee wa watu, Mkristo wa heshima zake, mbele ya wateja.

"Ego, ndiyo, kijana, ego," alisema Astère akijifuta grisi. "Chukua. Mi nataka tu mashine isicheze."

Yahaya akaweka rondele nzima, akakaza, akakimbia. Alisahau malipo yake, na sanduku la spana pia alilisahau.

Alipofika garajini alifanya jambo ambalo fundi yeyote angelifanya. Je, mtu hupeleka mahari yenye grisi? Angempa mke mtarajiwa kitu cheusi mbele ya wazee? Akaiosha kwa mafuta ya taa. Akaipiga brashi. Akaipiga msasa, mkali halafu laini, upande huu na upande ule. Kisha akaishikilia kwenye gurudumu la kung'arishia, lile la umeme, huku anaimba, mpaka sarafu ikang'aa kama kijiko cha wageni. Akaifunga kwenye leso ya hariri bila hata kuitazama mara mbili. Alikuwa na furaha, jamani. Mwenye furaha hatazami mara mbili.

Ijumaa baada ya Alasiri wote walikuwa kwa Mzee Ilias. Pilau lilikuwa motoni. Sheikh aliitwa kabisa, ili mahari ikipokelewa ndoa isomwe hapo hapo. Mjomba Khaled aliingiza sinia, Bi Fatouma akafunua leso, na sarafu ikawaka katikati ya chumba. Wanawake wakapiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia uani.

Lubna akatoka na lenzi yake mkononi, anatabasamu. Akaichukua kwa ukingo. Akaitazama. Akaigeuza. Tabasamu likaondoka taratibu.

"Yahaya. Umeifanya nini?"

"Nimeisafisha!" alisema kwa fahari. "Msasa mbili, halafu gurudumu. Unajiona uso wako."

"Najiona uso wangu," alisema Lubna. "Mwaka siuoni."

Yahaya akaipokea. Upande huu, laini. Upande wa pili, laini. Pembe za ndovu zimebaki kivuli tu, na pale palipokuwa na namba hapakuwa na kitu. Aibu ilimpanda kutoka miguuni mpaka masikioni. Alisikia maneno ya siku ile dukani yakimrudia, shika kwa ukingo, na sasa ndipo alipoelewa kwamba kwa wakusanyaji ule weusi si uchafu. Ule weusi ndio umri wake. Kwa mkono wake mwenyewe, akiimba, alikuwa ameifuta mahari yake.

"Sharti lilikuwa mwaka," alisema Mzee Ilias. "Mashahidi, kuna anayeona mwaka?"

Mjomba Khaled akainamisha kichwa juu ya sinia. "Tunaona inang'aa," alisema.

Hakuna aliyecheka. Lubna akamtazama Yahaya. "We uliuona, kabla hujaipiga msasa?"

Bi Fatouma, aliyekaa karibu na mwanawe, akamfinya paja, na maana yake ilikuwa sema sita, mwanangu, sema sita tule pilau. Na sita ilikuwa pale pale kwenye ulimi wa Yahaya, nani angempinga? Alimtaka Lubna kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka, na neno moja lingempatia.

"Niliona moja, tisa, tano," alisema. "Ya mwisho ilikuwa ya duara, na grisi ilikuwa juu yake. Nilisoma sita kwa sababu nilitaka iwe sita. Inaweza kuwa sifuri, Lubna. Sijui."

"Ee Mungu wangu," alisema Bi Fatouma.

Mzee Ilias akavaa kofia yake na kusimama. "Basi. Kijana ni mkweli, na mi namheshimu. Lakini neno ni neno. Keshokutwa tunatazama mwezi. Kila mutu ashike njia yake."

Watu wakaanza kuinuka. Lubna hakuinuka. Alikuwa hatazami sarafu tena, anamtazama Yahaya, na kitu fulani kilikuwa kinazunguka kichwani mwake, ungekiona.

"Ilikuwa kwenye nati gani?"

"Ya mguu wa mashine," alijibu Yahaya, macho chini. "Ya kushoto."

"Mguu una nati ngapi?"

"Nne."

"Na zile tatu ulizitazama?"

Yahaya akajipiga kofi kwenye paji la uso. Haraka haraka haina baraka! Fundi mzima, aliyefungua mpaka kitanda cha mama yake, alipata sarafu kwenye nati moja akaondoka mbio, bila kutazama jirani zake!

"Fundi gani anaweka sarafu chini ya nati moja tu?" Lubna alikuwa amekwisha kujitanda mtandio. "Baba, Ramadhani bado haijaingia. Twende Buterere!"

Hapo ndipo Buyenzi ilipoona maajabu. Pilau likaachiwa moto na mlinzi. Gari mbili aina ya Proboksi zikajaa, pikapu ya garajini ikajaa, na esansi, yaani petroli, ilivyo adimu siku hizi, kila tone lililobaki mtaani lilimiminwa kwa ajili ya nati tatu. Sheikh alikaa nyuma kwenye pikapu, ameshika kanzu yake kwa mkono mmoja na kilemba kwa mkono wa pili. Walipopita Ngagara watu walitoka kutazama harusi gani hii isiyopiga honi. Buterere mvua ilikuwa imenyesha, barabara imegeuka uji, Proboksi ya kwanza ikazama. Wakashuka wote wakasukuma, kanzu nyeupe zikawa za rangi mbili, na Mzee Ilias mwenyewe, aliyesema neno ni neno, alikuwa anasukuma kwa bega na kupiga kelele, "Moja! Mbili! Sukumeni!" Alikuwa na hamu kuliko wote, ila hakutaka ionekane.

Mzee Astère alipoona kundi la makanzu yenye matope linakuja mbio kati ya mashamba ya mpunga, aliinua mikono. "Ile rondele nilitoa kwa roho safi!"

Walipomweleza, alizima mashine bila kubishana. Wenye magunia wakasogea. Wengine walipanda juu ya magunia wapate kuona. Yahaya akachukua sanduku lake lililokuwa bado pale, akapiga magoti.

Nati ya kwanza ikatoka. Rondele ya chuma, ya kawaida. Watu wakaguna.

Nati ya pili ikatoka, na chini yake kulikuwa na kitu kipana, cheusi. "Usiguse!" alipiga kelele Lubna. Akapiga magoti kwenye pumba, akaichukua kwa ukingo, akaipulizia, akaweka lenzi. Umati mzima ulizuia pumzi. "Arobaini na tisa," alisema. "Ninayo." Wakaguna kwa nguvu zaidi, na mwanamke mmoja mwenye gunia, aliyekuwa hamjui mtu yeyote pale, akapiga paja lake kwa uchungu.

Ikabaki moja. Ilikuwa ile ya nyuma, imeshika kutu. Yahaya akaiwekea spana, akatia nguvu, ikalia, ikaanza kusogea. Sheikh alikuwa anasoma dua chini kwa chini. Mzee Ilias alikuwa ameinama mpaka kofia inakaribia kuanguka ndani ya mashine.

"Ngoja," alisema Lubna.

Yahaya akaacha, spana bado iko kwenye nati.

"Baba, niozeshe kwanza. Kabla hajafungua."

"Na sharti?" aliuliza Mzee Ilias.

"Sharti ni langu, na nalibadilisha. Mahari yangu ni ile aliyoileta, iliyopigwa msasa." Alisimama, magoti yamejaa pumba, na sauti yake ikasikika mpaka kwa waliokuwa juu ya magunia. "Mkifungua hapo mkakuta hamsini na sita, ndipo mnioze, mtakuwa mmeniozesha kwa nati. Mi nilimuuliza mutu huyu swali mbele yenu. Kusema sita kulikuwa rahisi kwake kuliko kumeza mate, na hakusema. Miaka ninayo, Baba, albamu inakaribia kujaa. Mutu wa namna hiyo sina."

Yahaya alilia, ndiyo, alilia pale pale chini, mbele ya wateja wake, na hakuona haya.

Mzee Ilias akaweka kofia yake sawa. Akakohoa. "Sheikh, una udhu?"

"Udhu ninao," alisema Sheikh. "Na matope pia ninayo."

Ndoa ikasomwa pale, kati ya mashine na magunia. Mjomba Khaled alikuwa mmoja wa mashahidi, na Mzee Astère, aliyekuwa hajaalikwa, alivua kofia yake kwa heshima. Mzee Ilias akashika mkono wa Yahaya wenye grisi, akasema amemwoza binti yake Lubna kwa mahari ya sarafu moja ya senti kumi, mwaka wake haujulikani. Yahaya akasema amekubali. Wanawake wa Buyenzi wakaanza vigelegele na wanawake wa Buterere wakavipokea.

"Haya, mume wangu," alisema Lubna akirudi kupiga magoti. "Fungua sasa."

Alifungua. Nati ikatoka na kutu yake, na chini yake kulikuwa na rondele ya chuma, ya kawaida kabisa, imepasuka upande mmoja. Sauti ya masikitiko ikatoka kwa umati wote, Sheikh akiwemo. Lubna peke yake alicheka, akacheka mpaka akakaa juu ya gunia la mtu, akimshika Yahaya begani asianguke. Kisha akapangusa macho na kumgeukia mwenye mashine.

"Mzee Astère, samahani. Buterere nzima kuna mashine za mpunga ngapi?"

Mzee Astère akaanza kuzihesabu kwa vidole, na Yahaya akainama kukusanya spana zake.